Mashine za gemu za Japani: andikeni volti na lugha kabla ya bei

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye safu ya barua za wasomaji. Sisi ni mafundi wa mashine za gemu, na tuna neno kwa wauzaji wa Arusha na Moshi, na kwa wazazi wanaonunua kwao. Siku hizi mzigo wa Japani ni mwingi: Switch, Switch 2 na 3DS za Nintendo, PS4, PS5 na PSP za Sony, na makatoni ya kadi na CD za gemu zenye maandishi ya Kijapani. Vingine ni vipya kwenye boksi, vingine mtumba. Vyenyewe ni vizuri. Mtumba wa Japani mara nyingi unakuja umetunzwa: boksi lipo, kitabu kipo, waya bado umefungwa na kikamba chake cha kiwandani. Hatuna ugomvi na ubora.

Ugomvi wetu ni ukimya wa muuzaji. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya nyumba ya Osaka inauzwa Kaloleni bila maelezo, kana kwamba umeme ni ule ule na mtoto atakayeichezea anasoma Kijapani. Tunachoomba ni kikaratasi kwenye kila boksi chenye mistari minne: inaingiza volti ngapi, inaonyesha lugha gani, inakubali akaunti ya nchi gani, na chaja ipo au haipo. Basi.

Tuanze na umeme, maana huo unaua mashine dakika ya kwanza. Japani wanatumia volti 100, sisi volti 230. Plagi ya Japani ina meno mawili bapa, haiingii kwenye soketi zetu za matundu matatu, kwa hiyo muuzaji anamwongezea mteja adapta ya soketi, kile kidude cheupe cha bei ndogo, na mteja anaondoka akijua mambo yamekwisha. Kidude kile kinabadilisha umbo la meno tu. Volti 230 zinapita humo kama zilivyo.

Ndani ya mashine kinachotokea ni hiki. Umeme wa AC, huu wa ukutani, wa volti 100 ukishageuzwa kuwa DC, wa mwelekeo mmoja kama wa betri, kapasita kubwa ya kwanza, kile kikopo kinachohifadhi umeme, inapata kama volti 141. Mtengenezaji wa mashine ya volti 100 anaweka hapo kapasita ya volti 200, na inatosha kabisa. Ukiingiza 230, kapasita hiyo hiyo inapokea kama volti 325. Kichwa chake kinavimba, inapasuka, unasikia mlio na harufu kali. Varista, kinga ya volti zilizozidi, inaungua, fyuzi inakatika, na mara nyingi mosfeti, swichi ya kielektroniki ya pawa saplai, inaondoka nayo. Haichukui muda hata wa kuifikia swichi.

Dawa ni kusoma kibandiko kabla ya kuchomeka. Herufi za Kijapani zisimtishe mtu, kwa sababu volti zimeandikwa kwa tarakimu tunazozijua sote. Geuza mashine au adapta yake, tafuta palipoandikwa INPUT au AC. Ukikuta 100-240V, hapo adapta ya soketi inatosha. Ukikuta 100V peke yake, simama hapo hapo. Alama ya PSE iliyo ndani ya umbo la almasi haikusaidii kitu kwa jambo hili; inaonyesha kwamba kifaa kimekidhi sheria ya usalama wa umeme ya Japani, yenye volti 100.

Kwa ujumla hali iko hivi. Adapta halisi za Switch, Switch 2, PSP na PS Vita zinapokea 100 hadi 240, hazina shida. PS2 nene za Kijapani, zile zenye pawa saplai ndani, ni za volti 100 na ndizo zinazoongoza kwa kuungua. PS3, PS4 na PS5 zina utata: kibandiko cha nje kinaweza kusema 100V wakati pawa saplai iliyo ndani imeandikwa 100-240V. Usikisie. Fundi afungue kwa bisibisi ya nyota yenye tundu katikati, asome kibandiko cha pawa saplai yenyewe, halafu akuonyeshe na wewe usome. Kama namba 240 haipo, mashine hiyo ni ya volti 100, hata kama kijana wa dukani ameapa.

Mashine za zamani zaidi za Nintendo, Famicom na Super Famicom, zina jambo lingine juu ya volti: adapta yake inatoa volti 10 na katikati ya kichwa cha waya wake ni hasi, wakati adapta nyingi zinazouzwa mjini katikati ni chanya. Mchoro mdogo wa duara wenye alama za kujumlisha na kutoa upo kwenye kibandiko. Ulinganishe kabla ya kuchomeka.

Anayehitaji transfoma anunue ya kushusha 230 hadi 100. Madukani zinazopatikana zaidi ni za 110. Kwa PS2, 110 inavumilika, lakini kwa vile viadapta vidogo vizito vyenye koili ndani, umeme wetu ukipanda kidogo usiku vinapata moto, na hivyo ni bora kuviacha na kununua adapta ya hapa yenye volti na alama sahihi. Angalia na uwezo. PS2 nene inakula wati 39 hadi 50 kutegemea toleo, kwa hiyo transfoma ya kweli ya wati 100 inaimudu. PS3 ya kwanza kabisa imeandikwa wati 380. Hiyo inataka kuanzia 500 kwenda juu. Tunasema ya kweli kwa sababu zipo zilizoandikwa 500 ambazo mtoto anazinyanyua kwa vidole viwili. Transfoma ni chuma na shaba. Ikiwa nyepesi, ujue shaba haimo. Na vile vigeuzi vyepesi vya kielektroniki vilivyotengenezwa kwa ajili ya pasi na vikausha nywele msiviguse kabisa. Vinakata wimbi la umeme badala ya kulishusha, na pawa saplai ya gemu haivumilii hilo.

Kwa mafundi wenzetu: mashine iliyochomekwa 230 ikiletwa mezani, msibadilishe fyuzi peke yake na kuirudishia umeme. Fyuzi haikukatika bure. Subiri kwanza, weka mita kwenye DC, pima kapasita kubwa mpaka isome chini ya volti 10 ndipo mkono uingie. Kisha pima varista, daraja la dayodi na mosfeti kama zimeshikana. Ondoa zilizoshikana, weka mpya, halafu mara ya kwanza washa kwa volti 100 za transfoma, si 230, kupitia balbu ya nyuzi ya wati 60 iliyounganishwa kwa mfululizo. Balbu ikiwaka kali na kubaki hivyo, bado kuna kitu kimeshikana. Ikiwaka mara moja na kufifia, umefika. Kuweka kapasita ya volti 400 ili mashine ya 100 itumie 230 moja kwa moja ni ujanja nusu, maana mosfeti na mzunguko wa kuongoza bado ni vya 100. Rahisi zaidi ni kutafuta pawa saplai ya toleo lile lile la soko la Ulaya, yenye soketi za waya zinazofanana, na kuihamishia.

Sasa lugha, ambako pesa nyingi inapotea bila moshi wala harufu. Switch ya kwanza, iliyotoka Machi 2017, pamoja na matoleo yake ya Lite na OLED, haina tatizo kubwa hata ikitoka Tokyo. Kwenye skrini ya mwanzo bonyeza alama ya gia, shuka upande wa kushoto mpaka mstari wa mwisho kabisa, humo kuna lugha na eneo. Chagua Kiingereza, mashine inajizima na kuwaka upya. Kadi za nchi yoyote zinaingia. Tahadhari ni moja: si kila kadi ya Kijapani ina Kiingereza ndani. Nyingi zinayo, nyingine hazina, na kubadilisha lugha ya mashine hakuzai lugha ambayo haimo kwenye kadi.

Switch 2 ni habari nyingine, na hapa tunamwomba msomaji asome polepole. Mashine hiyo ilitoka tarehe 5 Juni 2025, na Japani ziliwekwa aina mbili. Moja ni ya lugha nyingi, iliyotoka kwa yen 69,980. Ya pili ni ya Kijapani tu kwa matumizi ya ndani ya nchi, iliyotoka kwa yen 49,980. Tofauti ilikuwa yen 20,000, na kwa mfanyabiashara anayejaza kontena hiyo ni faida inayoonekana, kwa hiyo ya pili ndiyo inayosafirishwa. Kwa nje mashine ni ile ile. Kwa ndani, hakuna orodha ya lugha za kuchagua. Ni Kijapani kuanzia menyu hadi ujumbe wa hitilafu, na inakubali akaunti ya Nintendo iliyosajiliwa kwa nchi ya Japani peke yake. Mtoto mwenye akaunti ya nchi nyingine hawezi kuiingiza. Gemu nyingi hufuata lugha ya mashine, kwa hiyo nazo zinafunguka kwa Kijapani isipokuwa zile zenye menyu yake ya lugha. Hakuna fundi halali wa kuigeuza. Akikwambia anaweza, muulize kwanza mashine ikifungiwa na kampuni atakulipa nini.

Sony nao wamefuata njia hiyo: Novemba 2025 walitoa Japani PS5 ya Kijapani tu, isiyo na sehemu ya CD, kwa yen 55,000, na hiyo pia inataka akaunti ya Japani. Ukiona PS5 ya Japani ya bei rahisi isiyo na mdomo wa CD, usitoe hela kabla haijawashwa mbele yako ukaona orodha ya lugha.

Wapo wanaosema basi tufungue akaunti ya Japani, shida iko wapi. Kufungua si kazi. Kazi ni kulipa. Tangu tarehe 25 Machi 2025 duka la mtandaoni la Nintendo la Japani halipokei kadi za benki zilizotolewa nje ya Japani, wala akaunti za PayPal zilizofunguliwa nje. Inabaki kadi za malipo ya kabla, za yen, zinazoagizwa kwa watu wa kati wanaoongeza chao juu. Na kwenye PS4 na PS5 kuna mtego mwingine: CD yenyewe haina mpaka wa nchi, lakini nyongeza za gemu, wachezaji wapya au sehemu mpya za hadithi, lazima zinunuliwe kwenye duka la nchi ile ile ya CD. CD ya Japani na nyongeza ya Ulaya hazionani.

Jingine jipya linalowachanganya wengi ni kadi za Switch 2 ambazo ni ufunguo tu. Kwenye boksi, chini upande wa mbele, kuna mstari wenye alama ya ufunguo. Kadi hiyo haina gemu ndani. Ukiichomeka inaagiza gemu yote kutoka mtandaoni, na gemu kubwa ya siku hizi ni makumi ya gigabaiti. Mzazi wa Usa River au Himo anayetegemea bando la simu apige hesabu hiyo kabla ya kununua, si baada. Baada ya kushusha, kadi bado lazima iwemo kila unapocheza. Na mahali pa kuweka ni gigabaiti 256 za ndani. Ukitaka zaidi ni microSD ya aina ya Express peke yake. Zile microSD za kawaida tunazotumia kwenye simu, Switch 2 inazisoma kwa picha na video tu, haziendeshi gemu.

Kuhusu CD za zamani tutapita haraka. Winning Eleven, gemu za mpira za Konami za PS2, zenye boksi la Kijapani ndizo hizo hizo zilizouzwa Ulaya kwa jina la Pro Evolution Soccer, ila mtangazaji na menyu ni Kijapani. CD ya PS2 ya Japani haifunguki kwenye PS2 ya Ulaya ambayo haijachipiwa, yaani haijawekewa chipu ya kuondoa mpaka wa nchi, na ligi uliyohifadhi kwenye memori kadi kwa toleo moja haisomwi na toleo jingine. PS3 inacheza CD za gemu za Japani bila shida. Filamu ndizo zinazogoma, kwa kuwa DVD za Japani ni kanda ya 2 na Tanzania iko kanda ya 5, na Blu-ray za Japani ni A, sisi ni B.

Kwa mashine za mkononi, PSP ni ununuzi mzuri. Ina Kiingereza kwenye mipangilio yake na gemu zake hazina mpaka. Lakini kwenye PSP ya Japani kitufe cha duara ndicho cha kukubali na X ni cha kurudi nyuma, kinyume na tulivyozoea. Watu wanarudisha mashine dukani wakisema X imekufa, kumbe iko salama. Jambo la kukagua ni betri. Fungua mfuniko wa nyuma. Ya PSP 1000 ni nene, miliampia 1800. Ya 2000 na 3000 ni nyembamba, 1200. Ikiwa mfuniko unafungika kwa kusukumwa, au betri ikiwekwa mezani inayumba badala ya kutulia, imevimba. Usiichaji, usiitoboe, usiitupe kwenye moto wa takataka. Mashine yenyewe inawaka bila betri kwa adapta ya volti 5, kwa hiyo bado unaweza kuipima.

3DS ya Japani hatumshauri mtu yeyote anayemnunulia mtoto wa hapa. Menyu ni Kijapani tu, na kadi za 3DS za Ulaya au Marekani zinakataliwa. Duka lake la mtandaoni liliacha kuuza mwishoni mwa Machi 2023, na huduma za kucheza mtandaoni zikazimwa Aprili 2024. Kadi za DS ya kawaida zinaingia za popote, lakini kwa hilo tu DS Lite inatosha, tena ina na tundu la kadi za Game Boy Advance. Tuwatendee haki wauzaji pia: New 3DS zilipouzwa Japani hazikuwa na chaja kwenye boksi, kwa hiyo kuikosa si lazima awe ameiiba mtu njiani. Chaja za Kijapani za DS na 3DS soma kibandiko kwanza; ikisema 100V iache, chukua waya wa USB wa toleo hilo uchomeke kwenye chaja ya simu ya volti 5.

Kadi za Game Boy Advance zina za bandia nyingi. Inamisha kadi, chungulia juu ya meno yake ya shaba: kwenye kadi halisi utaona neno Nintendo limechapwa kwenye bodi yenyewe. Na gemu za zamani zinazohifadhi kwa betri ya kidonge, CR2032 au CR1616, betri hiyo ikiisha mchezo unacheza vizuri ila kila ukizima unaanza upya. Inabadilishwa kwa solda, kwa betri yenye mabawa ya kuchomea. Usichomee solda kwenye betri isiyo na mabawa, inapasuka. Ukiitoa, kilichohifadhiwa kinapotea.

Switch ya mtumba ipimwe dukani, tena yote. Kwenye mipangilio ya padi kuna sehemu ya kurekebisha vijiti: achia kijiti, nukta ikae katikati. Ikitambaa yenyewe, kaboni ya ndani imelika au vumbi limeingia, na vumbi la huku tunalijua. Kubadilisha kijiti si kazi kubwa, inataka bisibisi ya umbo la Y na uangalifu na zile nyaya bapa. Telezesha padi kwenye reli zake uone kama zinashika. Iweke kwenye doki, kile kikalio cha kuiunganisha na TV, kwa adapta yake halisi, maana doki inataka volti 15, na ya Switch 2 inataka 20. Chaja ya simu ya volti 5 itachaji mashine lakini picha kwenye TV haitatoka, na muuzaji asikuambie doki ni mbovu au nzima kwa kipimo hicho. Mwisho iunganishe na intaneti ya simu yako, fungua duka la mtandaoni la Nintendo. Ikitoa namba 2124-4007, mashine imefungiwa na kampuni, kwa kawaida kwa kuchezewa. Itacheza kadi, mtandaoni haitaingia tena. Ikiwa imekaa kwenye boksi muda mrefu na haiwaki kabisa, ichaji nusu saa kabla ya kuihukumu.

Uone pia kama kuna kibandiko chenye herufi nne za Kijapani zinazosomeka janku. Maduka ya mtumba ya Japani yanabandika hilo kwenye kitu kinachouzwa bila kupimwa na bila kurudishwa. Kununua si dhambi, fundi mara nyingine anapata dhahabu humo, lakini bei iwe ya spea.

Kwa wazazi, kona ya chini kushoto ya boksi la gemu la Kijapani kuna herufi moja kubwa. A ni rika zote, B kuanzia miaka 12, C 15, D 17, na Z yenye rangi nyekundu ni 18 kwenda juu. Hilo halihitaji fundi. Wala msishtuke mtoto mdogo akitema kadi ya Switch akilia. Imepakwa dawa chungu makusudi asiimeze.

Kwenye kulipa, dai risiti ya EFD, na umwombe muuzaji aandike juu yake namba ya toleo na namba ya mashine kama zilivyo kwenye kibandiko cha nyuma, pamoja na volti. Mashine ikiungua kesho yake, mabishano yatakuwa juu ya maandishi hayo. Muuzaji akikataa kuandika volti, na kibandiko kiko mbele yake, nenda duka la jirani.

Mafundi wa mashine za gemu,
Arusha na Moshi